Zulfa Hakuja Kwenye Theluji

Jumatatu, 16 Desemba

Siku ya pili ya mafunzo. Nimeanguka mara tisa kabla ya saa nne. Mwanahawa ameanguka mara moja tu, akakataa kuinuka. Bi Greta, mwalimu wetu, hacheki. Ana miaka sitini na kitu lakini magoti yake ya msichana. Ananinyanyua kwa kwapa, ananipangusa theluji mgongoni, anasema, "Tena." Kiingereza chake kibovu kuliko cha wanafunzi wangu, lakini neno hilo analijua.

Viatu vya ski vizito kama vimejazwa zege. Suruali mbili, soksi mbili, mtandio chini ya kofia ngumu. Dera limebaki kabatini.

Miaka kumi na minne nafundisha jiografia. Kila mwaka nachora hii milima ya Alps ubaoni kwa chaki, naeleza barafu inavyolikwangua bonde. Sikupata kuigusa barafu isipokuwa ya kwenye friji. Juzi tulipofika niliteremka garini, nikachota theluji, nikaitia mdomoni. Haina ladha. Nikalia. Saumu akanipiga picha.

Saumu ndiye mwenyeji wetu. Kaolewa na Tomasi, Mwaustria, wana duka la kukodisha mbao za kutelezea hapa kijijini. Mimi, Saumu, Mwanahawa na Zulfa tumesoma darasa moja Makorora, Tanga, tangu la kwanza. Watu wanne, mkeka mmoja. Tulikuwa tuje wote. Zulfa kanyimwa viza wiki moja kabla ya safari. Nilikwenda kwake, tukalia kitandani mpaka mto ukalowa. Yeye ndiye aliyenifariji mimi. "Nenda, Zai. Utanionea theluji kwa macho yako."

Nyonga zinauma. Nina furaha. Naandika hivyo hivyo: nina furaha.

Jumanne, 17 Desemba

Baridi imenipasua midomo. Kutawadha kwa maji ya bomba la hapa ni jihadi.

Simu yangu haishiki mtandao. Saumu anasema intaneti ya nyumbani kwake mbovu, inakubali simu yake peke yake. Basi tunapokezana simu yake, na yeye amekaa pembeni.

Nimeongea na Bakari. Sauti laini. Ameniita "mke wangu" mara mbili. Miaka kumi na sita ya ndoa mimi ni Mama Nasra, leo ghafla mke wangu. Nimecheka. Kumbe mtu akitaka kupendwa asafiri.

Nasra kampeleka Tongoni kwa mama yangu. Vizuri, atacheza na binamu zake. Keshokutwa Bakari mwenyewe anakwenda Moa kupeleka vipuri vya bodaboda. Nikamwambia, "Moa si ndiko kwao Zulfa? Akiwa kwao mpitie, umsalimie." Kisha akasema mtandao unakatika.

Kabla sijaondoka nilimwomba Zulfa amwangalie shemeji yake asife njaa. Yule mwanamume akikosa wa kumpikia hula mkate na chai siku nzima.

Jumatano, 18 Desemba

Theluji imeanguka tangu alfajiri, mlima umefungwa. Tumeshinda ndani. Saumu kapika wali kwa nazi ya kopo, na samaki wa huku asiye na harufu ya samaki. Mwanahawa hakula. Anasema tumbo.

Tulikwenda madukani alasiri. Nimemnunulia Zulfa glovu nyekundu za sufu. Za nini Tanga? Sijui. Azitie sandukuni, ajue nilimkumbuka. Mwanahawa aliponiona nazilipia akatoka nje bila kofia. Nikamkuta kasimama kwenye baridi, macho mekundu. "Upepo," kasema. Hapakuwa na upepo.

Njiani kaniuliza, "Zai, wewe na Bakari mko sawa?" Nikamwambia tuko kama kawaida. "Kama kawaida ndiyo vipi?" Swali gani hilo barabarani.

Nadhani ana jambo nyumbani kwake na mumewe. Atasema akiwa tayari. Mwanahawa hajui kuficha.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimeteleza mita mia bila kuanguka! Bi Greta kapiga makofi na glovu zake, pu pu pu.

Saumu na Mwanahawa wamegombana jikoni. Nilipoingia wakanyamaza. Nimeuliza kuna nini. Saumu kasema, "Chumvi." Watu hawatetemeki midomo kwa sababu ya chumvi.

Kuna kitu hawaniambii. Sipendi.

Ijumaa, 20 Desemba

Niandike yote kwa mpangilio. Nisipoandika nitapiga mtu.

Asubuhi Bi Greta alisema leo twende juu kabisa, na kile kibanda kinachopanda kwa waya wa chuma. Saumu hakutaka. Alisema tubaki chini, juu kuna ukungu. Hapakuwa na ukungu hata chembe. Mimi nikapanda na Bi Greta. Mwanahawa akatufuata. Saumu akabaki na duka.

Juu kuna mkahawa. Kutoka hapo milima ni myeupe mpaka mwisho wa macho. Ni kama nilivyoichora, ila mimi sikuwahi kuchora ukimya. Nikataka kumtumia Nasra picha. Nikamwambia Bi Greta simu yangu haishiki huku Ulaya. Akashangaa. Akaichukua, akabonyeza, akaandika namba ya siri ya intaneti ya mkahawa. Sekunde thelathini. Kumbe simu yangu haikuwa na ugonjwa wowote.

Ikaanza kulia. Ujumbe baada ya ujumbe. Mwalimu mwenzangu wa hisabati: "Pole mwalimu, Mungu akupe subira." Jirani yangu: "Pole mama." Nikadhani mama yangu amekufa. Wallahi nilidhani mama kafa. Nikafungua wa binamu yangu. Ilikuwa picha.

Bakari kavaa kanzu na joho. Kanzu ile niliyomshonesha mimi, Idi iliyopita. Pembeni yake bibi harusi, hina mpaka viwikoni, uso umeinamishwa. Nilimjua kwa vidole. Vidole vya Zulfa navijua tangu tunashikana mikono kuvuka barabara kwenda shule. Chini binamu yangu kaandika: "Moa, baada ya Ijumaa. Dada, ulikuwa unajua?"

Kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Wino wa ndoa haujakauka.

Mwanahawa alikuwa mbele yangu na bakuli la supu. Nikaigeuza simu nikamwonesha. Hakushtuka. Aliweka kijiko chini polepole. Ndipo nikajua.

"Tangu lini unajua?"

"Zai, tuondoke hapa kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Miezi tisa. Miezi tisa amekula kwangu, amelala kwangu, Nasra alipougua alikesha naye.

Bi Greta hakuelewa neno lakini alielewa uso. Aliniteremsha yeye. Sikuingia kibanda kimoja na Mwanahawa. Tulikaa na wazee wawili wa Kijerumani waliokuwa wakitazama viatu vyao. Mmoja alinipa kipande cha chokoleti. Nikakishika mpaka kikayeyuka ndani ya glovu.

Nyumbani kwa Saumu sikuvua hata viatu. Nilisimama katikati ya zulia lake, theluji ikidondoka. Nikamuuliza nani alilipa tiketi yangu. Alikuwa ameniambia ni zawadi yake, ya urafiki wetu.

Alijaribu kunishika mkono. "Keti kwanza, shoga yangu."

"Nani?"

"Bakari. Aliniomba. Alisema ataoa tu, uwepo usiwepo. Nikaona bora usiwepo. Ulikuwa ukiitamani theluji maisha yako yote, Zai. Nilitaka angalau upate kitu."

Angalau nipate kitu.

Nikamuuliza na viza ya Zulfa. Akatazama dirishani. Zulfa hakunyimwa viza. Hakuomba.

Intaneti haikuwa mbovu. Mtandao wa simu haukuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa kitambaa usoni, na waliokifunga wananishika mkono wananiambia tazama, theluji.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimehamia kwa Bi Greta. Alikuja na gari asubuhi, akachukua begi langu mwenyewe, hakumsalimia Saumu. Anaishi na paka na redio. Kanipa chumba cha mwanawe aliyehamia mjini.

Nimejaribu kubadilisha tiketi. Haiwezekani, ndege zimejaa kwa ajili ya Krismasi. Mpaka tarehe 27.

Bakari amepiga mara kumi na moja. Sijapokea. Zulfa katuma sauti moja. Sijaisikiliza. Nimeisikiliza. Anasema, "Zai, sikutaka ujue hivi." Alitaka nijue vipi? Nirudi nimwone kwenye kochi?

Mke wa pili si haramu. Mimi si mtoto, nimezaliwa pwani. Mama yangu mwenyewe aliolewa wa pili. Lakini mke mkubwa aliambiwa uso kwa uso, akalia, akakasirika, akakaa. Mpaka leo mama humwita dada. Mimi nilipandishwa ndege kama kuku anayeondolewa jikoni wageni wasimwone.

Jumapili, 22 Desemba

Nimempigia mama. "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, kisha akalia. Yeye naye alijua jana tu, kwa watu wa Tongoni. Nasra anajua. Alimwuliza bibi yake, "Sasa Ma Zulfa nimwite nani?"

Mwanahawa kaja kwa Bi Greta. Kasimama kwenye theluji nje ya uzio. Sikufungua. Alisema kwa sauti, "Nilitaka kukwambia dukani, siku ile ya glovu. Saumu alinikataza." Nimemsikia vizuri. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa anakatazwa kusema.

Glovu nimempa Bi Greta. Zimemtosha.

Jumanne, 24 Desemba

Watu wa hapa wanajiandaa kwa sikukuu yao. Nimemsaidia Bi Greta kumenya viazi. Haulizi kitu. Mumewe alifia mlimani, nimeona picha ukutani, naye hajanieleza. Tunamenya.

Mchana alinipeleka mlimani tena. Sikutaka. Akasema, "Tena." Nikapanda. Nimeteleza kutoka juu ya mteremko wa wanaojifunza mpaka chini kabisa. Kona zote. Sikuanguka. Upepo masikioni, halafu nimesimama, nimefika.

Nikatoa simu niwaambie. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kundi letu la wanne.

Sina wa kumwambia. Hili ndilo lililonivunja, si picha ya harusi. Nimekaa kwenye theluji nikalia kwa sauti kama mfiwa. Bi Greta alisimama pembeni kunikinga na watu wanaoteremka.

Ijumaa, 27 Desemba

Uwanja wa ndege. Viti vyetu vimepangwa pamoja, mimi na Mwanahawa. Nimemwomba mhudumu anibadilishie. Nimepata kiti cha katikati, kati ya baba mnene na mtoto anayekohoa. Nimeshukuru.

Saumu hakuja kuniaga. Kamtuma Tomasi na mfuko wa vyakula vya njiani. Tomasi hakuweza kunitazama. Nimemrudishia mfuko. Hana kosa, au analo, sijui. Sina nguvu ya kuhukumu wazungu pia.

Jumapili, 29 Desemba

Nimefika Tanga jana adhuhuri. Joto kama blanketi lililolowa. Nimepita mtaani na begi langu, salamu zimekuwa ndefu kuliko kawaida. "Umerudi, mwalimu? Safari njema? Pole." Pole ya safari au pole ya nini, wanaacha hapo hapo. Makorora nzima ilijua.

Bakari alikuwa sebuleni, kanyoa ndevu. Mezani kaweka soda na sambusa kama mimi mgeni. Nasra bado yuko Tongoni.

Alisema, "Nilitaka kukuepusha na maumivu."

Nikamwambia, "Ungenieleza, ningelia wiki, ningegomba mwezi. Pengine ningekaa. Wewe umewachukua marafiki zangu wote kwa mpigo mmoja. Umeniachia nani wa kunifuta machozi?"

Akasema ana haki yake kisheria. Nikamwambia ndiyo, unayo. Na nyumba hii ni urithi wangu kwa marehemu baba, kisheria. Kusanya nguo.

Hakuamini. Alikula sambusa moja. Halafu akanitazama usoni, akaenda kutafuta sanduku.

Jumatano, 1 Januari

Kikao cha wazee, nyumbani. Baba mdogo Salehe upande wangu, kaka yake Bakari upande wake. Subira, subira, subira. Baba mdogo kasema, "Mwanangu, mwanamume akioa hajaua mtu." Nimemwambia, "Shikamoo yako naiweka palepale, baba. Lakini sishitaki ndoa. Nashitaki uongo." Kaka yake Bakari akaangalia chini. Nadhani yeye pia alilipeleka lile joho kupigwa pasi.

Nimeomba talaka. Bakari kakataa. Kasema ananipenda. Kalia mbele ya wazee. Miaka kumi na sita sikupata kumwona analia. Nikamwonea huruma, na huruma ile ikanitia hasira.

Jumapili, 5 Januari

Zulfa kaja. Peke yake, saa tano asubuhi, kajifunika ushungi mpaka puani. Nilikuwa nafagia uani. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni kama mtu anayengoja kufukuzwa. Hina bado iko mikononi, imeanza kufifia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kule kwa Bi Greta. Matusi mazuri, yenye vina. Yote yakapotea. Nikamuuliza moja tu.

"Siku ile ya viza. Tulilia mpaka mto ukalowa. Ulikuwa unalia nini?"

Akavuta ushungi chini. Kakonda.

"Nilikuwa nalia kweli, Zai. Nilijua ukipanda ndege ndiyo basi, sitakuwa na wewe tena."

"Na ukaniacha nipande."

"Nikakuacha upande."

Alisema tangu mumewe wa kwanza amwache amekaa miaka saba peke yake, akija kwangu kila siku kutazama nyumba yenye mwanamume. Sikuwahi kuliona hilo. Mimi nilikuwa namkaribisha. Nilikuwa nampakulia.

Nimemwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mwongo mtupu ningemchukia nikalala.

Nikamwambia sitaki kumwona tena mlangoni kwangu. Nasra akitaka kumwamkia njiani amwamkie, sitamfundisha mtoto chuki. Akaitikia kwa kichwa. Alipogeuka nikaona viatu vyake: vile nilivyomwazima mwaka jana, harusi ya mpwa wangu. Sikuvidai.

Alhamisi, 9 Januari

Bakari kaleta karatasi. Talaka moja, mashahidi wawili. Aliiweka juu ya friji, akaondoka.

Eda nimeianza leo. Sheikh karuhusu kazini tu, kwenda na kurudi.

Mwanahawa anatuma ujumbe kila asubuhi, "Umeamkaje?" Sijibu. Leo nilianza kuandika "Salama", nikaifuta. Saumu hajaandika kitu.

Jumapili, 12 Januari

Nasra karudi kutoka Tongoni. Kaja na nazi kumi na kikapu cha muhogo, kutoka kwa mama. Kakua. Shule zinafunguliwa kesho.

Jumapili saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa saa yetu, kila wiki, miaka yote hii: wanne tulipokuwa wanne, na watatu tangu Saumu aolewe. Uani kwangu, tunasukana, tunakaanga mihogo, tunasema watu. Leo saa kumi imefika. Nilitandika mkeka bila kufikiri. Kisha nikautazama, mpana mno.

Nikamwita Nasra nimsuke kwa ajili ya shule. Akaketi katikati ya magoti yangu. Kauliza kama theluji ni baridi kweli. Nikamwambia ndiyo. Kauliza kama baba atakuja Idi. Nikamwambia atakuja kukuona wewe.

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nikachana, nikagawa, nikaanza kusuka.

"Mama, unabana."

Sikuwa nimejua. Nikafumua mstari ule, nikausuka tena, taratibu.